Kiti cha Mbele cha Bi Mdogo

Nawategea kitendawili, na leo mkishindwa sidai mji. Mke mwenzangu ana macho mawili yasiyopepesa, anakunywa kinywaji asichokunywa binadamu, akikasirika anatoa moshi, na mume wangu alikuwa akimwogesha kila Jumamosi asubuhi ilhali mimi hajanimwagia hata kata moja ya maji mgongoni.

Wajukuu zangu hujibu kabla sijafunga mdomo. "Gari la Babu!" Wananikata utamu. Lakini gari lenyewe hawakuwahi kuliona, wamelisikia tu, na hata jina wanalolijua ni lile nililolipa mimi kwa wivu: Bi Mdogo.

Mume wangu alikuwa fundi wa mashine za kuchapa. Ofisi zote za mji zilimjua, maana karani akikwama herufi moja, barua nzima imekwama. Vidole vyake vilikuwa na wino mpaka ndani ya kucha, na nyumbani alikuwa mtu wa maneno machache. Basi bosi mmoja aliyekuwa anahama akamwachia gari lake kuukuu, refu, lenye pua kama ya mtu anayenusa jikoni kwa jirani na taa za mviringo kama macho ya mtu aliyeshtuliwa usingizini. Tangu siku hiyo maneno yakapatikana. Alizungumza na gari. "Leo umeamkaje? Mbona unakohoa? Ngoja nikufute." Mimi nimesimama mlangoni na kikombe cha chai yake kinapoa, sijaulizwa nimeamkaje.

Nikasema, haya, nyumba hii imeoa. Nikaliita gari Bi Mdogo, nikidhani ataona haya. Hakuona. Alicheka, akaanza kuniita mimi Bi Mkubwa, na majina yakaenea. Watoto, majirani, fundi makenika, wote wakawa hivyo hivyo: Bi Mdogo amegoma, Bi Mdogo ana homa, leo Bi Mdogo hatoki. Tulizoea hata tukasahau kwamba wako watu duniani ambao kwao neno hilo lina maana yake ya kawaida. Na kusahau huko ndiko kulikovunja amani ya nyumba ya watu, kama mtakavyosikia.

Kwanza nieleze habari ya kiti cha mbele, maana hadithi yote imekalia hapo.

Mbele kwa Bi Mdogo hapakuwa na viti viwili kama magari ya sasa. Kilikuwa kimoja, kirefu kama kochi, cha ngozi nyekundu. Dereva anakaa mwisho huu, na mwisho ule pana nafasi ya mtu kujinyoosha, akapandisha kiwiko dirishani, akaonekana. Mimi nilipataka hapo. Nilitaka kupita mbele ya maduka, na mbele ya ile shule nilikoishia darasa la saba, nimekaa ubavuni kwa mume wangu, nimwambie "punguza mwendo" kama nilivyowasikia wanawake wenzangu wakiwaambia waume zao. Basi. Sikutaka hata kujua tunakwenda wapi.

Alianza kukaa mama mkwe wangu. Huyo nilimheshimu, na miguu yake ilikuwa imevimba, sikuwa na neno. Nilikaa nyuma na watoto na vikapu. Alipotangulia mbele ya haki, kutu ilikuwa imeshakila kile kibati kinachoshika betri chini ya boneti. Fundi makenika akaihamishia betri ndani, sakafuni, palepale pa kuwekea miguu abiria wa mbele. Mtu mzima akikaa hapo magoti yanamfika kidevuni. Lakini mwanangu wa kwanza alikuwa na miguu mifupi, haifiki hata ukingoni mwa kiti. Tena huyo akikaa nyuma anatapika. Akakaa yeye. Niliyemnyonyesha ndiye aliyenipokonya. Hata ngozi ilipochanika ni mimi niliyeishona, kwa uzi mweusi wa magunia kwa kuwa mwekundu haukuwepo, nimepiga magoti mlangoni kama fundi viatu, na nilipomaliza nikarudi nyuma kukaa na vikapu vyangu.

Mume wangu hakuwa mtu mbaya. Kila mara alisema, "Bi Mkubwa, hii betri nikiihamisha tu, utakaa." Na kweli siku moja akaihamisha. Akaniambia, "Jiandae. Namtia mafuta, nikirudi tunatoka mimi na wewe, watoto wabaki." Nilivaa gauni langu la maua, nikajipaka mafuta mpaka viwiko, nikasimama barazani ili majirani wasije wakasema hawakuona. Walioona waliona. Jua likahama kutoka kwenye ngazi likapanda ukutani. Akarudi kwa miguu, anatembea nyuma ya mkokoteni, na juu ya mkokoteni kuna kitanda.

"Gari liko wapi?"

"Nimeuza. Kwa tajiri mmoja. Nimekununulia kitanda."

Kilikuwa kitanda cha mbao nzito, upande wa kichwani kimechongwa maua, na mpaka siku hiyo sisi tulikuwa tunalala kwenye godoro lililokalia matofali. Mwanamke gani angenuna? Nilifurahi. Nilitandika shuka nikiwa na gauni langu mwilini, maua kwa maua. Lakini kiti cha mbele hakikunitoka rohoni, na sijui kama mume wangu alilijua hilo, kwa sababu sikumwambia tena.

Sasa yule mwenye miguu mifupi amekuwa afisa wa bima. Ana kitambi na mvi, na anavaa tai hata siku isiyo ya kazi. Akataka kujiunga na chama cha watu wenye magari ya kale. Hao hukutana Jumapili kwenye uwanja, wanayapanga magari yao kama meno, wanayafuta kwa vitambaa laini kama vya watoto wachanga, halafu kila mmoja anasimama kusimulia: hili lilikuwa la babu, hili la shangazi, hapa ndipo baba alipomposea mama. Mwanangu alikwenda na gari lake jipya linalong'aa. Wakamwambia aliegeshe nje, karibu na mapipa ya taka. Kisha wakamuuliza kwa upole, "Na ninyi kwenu mlikuwa mnapanda nini?"

"Gari letu la familia lipo," akawajibu. "Liko kwenye utaratibu."

Ndivyo wanavyosema watu wa bima wakiwa hawana jibu.

Akaja kwetu mchana uleule. Dada yake, kitindamimba wangu anayeuza saruji na mabati, alikuwepo amekuja kuniletea dawa ya macho.

"Baba," mwanangu akaanza, hata salamu hajamaliza, "Bi Mdogo ulimuuzia nani?"

Mzee wangu hakuwa na kitu mdomoni, lakini alianza kutafuna.

"Tajiri mmoja."

"Tajiri yupi?"

"Mtu mkubwa tu. Alikuwa na kofia."

"Kofia ya namna gani?"

"Ya kitajiri."

Binti yangu akacheka mpaka chupa ya dawa ikamponyoka. "Kaka, umepata fununu hapo. Tafuta kofia."

"Wewe cheka tu. Lile gari lilikuwa la rangi ya dhahabu, leo lingekuwa la kwanza pale uwanjani."

"Dhahabu! Ilikuwa kutu, kaka. Mimi nilikuwa nikishuka nafutwa sketi."

"Chai ya maziwa," nikasema. "Ilitegemea umesimama upande gani."

"Mwacheni alikolala," Mzee akasema. "Mnafukua nini?"

Hapo ndipo nilipouliza langu, polepole, kama mtu anayeulizia bei ya kitu asichonuia kununua. "Na akipatikana, nani atakaa mbele?"

"Wewe, mama!" wakajibu wote wawili kwa pamoja. Kutoa kitu usichokuwa nacho ni rahisi kweli. Lakini moyo wangu, mjinga huyu, ukaruka.

Tulianza kwa fundi makenika wetu wa zamani, tuliyemwita Spana. Siku hizi hashiki tena spana, mikono inamtetemeka, anashinda kwenye kiti nje ya gereji ya mwanawe akisikiliza injini za watu na kutikisa kichwa. Nilipomtajia Bi Mdogo alifumba macho.

"Yule mwanamke amenizeesha," akasema. "Shemeji, mimi ningekuwa kijana mpaka leo kama si yeye."

"Ulimwona mara ya mwisho wapi?"

"Mtaa wa maseremala, mbele ya karakana yenye geti la kijani. Boneti iko wazi, mzee wenu amekaa kwenye jiwe ameshika tama. Nikampungia mkono, nikajua anangoja aniite. Hakuniita. Nilishukuru Mungu nikapita."

"Tajiri alikuwepo? Mwenye kofia?" mwanangu akauliza.

"Tajiri afuate nini kwa Bi Mdogo? Palikuwa na seremala na mbao zake."

Tulipomweleza Mzee kwamba kesho tunakwenda mtaa wa maseremala, alisema miguu inamuuma, nendeni wenyewe. Kesho yake tulipotoka nje tulimkuta ameshakaa kwenye pikapu ya binti yetu, siti ya nyuma, amefunga mkanda, anatazama mbele kama mtuhumiwa. Sikuelewa. Nilidhani naye amemkumbuka mwanamke wake.

Binti yangu alinishika mkono. "Leo mama akae mbele."

"Nikikaa nyuma natapika," kaka yake akasema.

"Una mvi!"

"Mvi hazizuii kichefuchefu."

Nikakaa nyuma. Nilivaa gauni zuri, siyo lile la maua, lile lilishakuwa matambara ya kufutia sakafu, lakini lilikuwa zuri.

Geti la kijani lilikuwa bado kijani, chini ya vumbi. Ndani palinuka vanishi na mbao mbichi. Upande mmoja palikuwa na karakana, msumeno unalia ndani yake. Upande wa pili nyumba, na uani mwanamke mpana, mwenye uso wa ukarimu, alikuwa anaanika shuka. Niliona afadhali nianze mimi, mwanamke kwa mwanamke. Mzee alibaki kwenye pikapu. Alisema anaangalia mizigo. Hatukuwa na mizigo.

"Karibu, mama," yule mwanamke akasema, kibanio mdomoni.

"Ahsante, dada yangu. Sisi tumekuja kwa habari ya Bi Mdogo."

Akatoa kibanio. "Bi Mdogo yupi?"

"Yule aliyechukuliwa na mumeo."

Msumeno ukanyamaza.

"Mume wangu mimi?"

"Si ndiye seremala? Basi huyohuyo. Alimchukua kwetu. Sisi ndio watu wake, dada yangu, na hatukuja kwa ugomvi. Huyu mwanangu amekua naye. Tunataka kumwona tu, na kama hali yake bado nzuri, turudi naye nyumbani."

"Hali yake," akasema. Shuka ikamteleza mkononi ikaanguka mchangani, na hakuiokota.

Mimi nikadhani anaona huruma, nikamtuliza. "Najua umri umekwenda. Hata wakati ule alikuwa anatoa moshi, na asubuhi hainuki mpaka asukumwe na watu watatu. Lakini tulimpenda hivyohivyo."

"Watu watatu!"

"Wanne, kama ni baridi."

"Amekaa naye tangu lini?"

"Oo, zamani. Huyu binti yangu alikuwa darasa la kwanza."

Nyuma yangu nikasikia binti yangu anavuta pumzi. Yeye alishaelewa. Lakini hakunizuia, na mpaka leo namuuliza kwa nini hakunizuia, anasema, "Mama, nani angeweza?"

Yule mwanamke akageukia karakana, akaweka mikono kiunoni. Sauti aliyoitoa iliwainua kuku.

"Baba watoto! Toka humo!"

Akatoka mwanamume mwembamba, maranda kwenye nywele, penseli sikioni, mikono ameinua juu kama ameshikiwa bunduki. Hakututazama hata sisi.

"Mke wangu, nilitaka kukwambia mwenyewe. Nisikilize. Bado ni mazungumzo tu. Wala sijapeleka posa. Yule mama wa vitambaa pale sokoni ni mtu mstaarabu, hata wewe mwenyewe unamsifia bei zake..."

"Mama wa vitambaa?" mkewe akasema polepole. Akanitazama mimi, akamtazama yeye. "Mama wa vitambaa? Kwa hiyo wako wawili!"

"Wawili? Nani wa pili?"

"Huyu wa watu! Anayetoa moshi!"

"Gari!" mwanangu akapiga kelele, amelegeza tai. "Ni gari, jamani! Bi Mdogo ni gari! Tunatafuta gari!"

Kuku walirudi chini. Seremala alishusha mikono polepole, na nikamwona anarudi nyuma kichwani mwake, neno kwa neno, akitafuta mahali ambapo angeweza kunyamaza. Alipapata. Uso ukamshuka.

"Gari," akasema.

"Gari," nikamwambia. "Samahani, baba."

Mkewe alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilimwendea, nikamshika bega, nikamweleza jina lilivyoanza, Jumamosi, maji, chai kupoa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaangua kicheko, lakini cha aina ile ambayo mwanamume mwenye akili husogea mbali akikisikia.

"Dada," akaniambia akifuta machozi, "wewe mke mwenza wako ana matairi, na bado ulimwonea wivu. Mimi wangu anauza vitambaa. Nilinunua kwake hizi shuka."

Seremala, ili atoke hapo, alitaka sana kuzungumza habari za gari. "Gari gani lakini? Mimi sijawahi kununua gari." Akatembea mpaka getini, akachungulia, akamwona Mzee wangu kwenye kioo cha pikapu. Akapiga makofi. "Ahaa! Mzee wa kitanda! Kitanda kinadumu?"

Mzee akashusha kioo kidogo tu. "Kinadumu."

"Kitanda kipi?" mwanangu akauliza.

"Si nilimpa kitanda akaniachia gari lake! Lilizimika hapohapo getini. Tulisukuma mpaka wapita njia wakachoka, halikuwaka. Mzee wenu akakaa kwenye jiwe, akasema, mke wangu amesimama barazani amevaa, nitarudi na uso gani. Palikuwa na kitanda cha mteja mmoja aliyehama, kimekaa hapo nje kinapigwa jua. Akakitazama muda mrefu. Akasema, tubadilishane."

Watu wote walinitazama mimi. Na mimi nilikuwa nahesabu kwa upande wangu, lakini siyo fedha. Usingizi wote ule. Homa za watoto nilizozilaza pale. Shuka zote nilizotandika. Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa nimelala juu ya mke mwenzangu.

"Na tajiri mwenye kofia?" binti yangu akamuuliza baba yake dirishani.

"Huyu alikuwa na kofia," Mzee akasema, akimwonyesha seremala kwa kidevu.

"Ya karatasi," seremala akasema. "Ya kuzuia vumbi la mbao."

Mwanangu yeye alikuwa na swali moja. Gari lenyewe liko wapi? Seremala akatuzungusha. Injini aliichukua mtu wa kusaga nafaka, ikamfanyia kazi msimu mmoja, ikagoma, sikushangaa. Boneti ilikuwa imefunika pipa la maji ya mvua. Usukani ulikuwa ukutani, umening'iniza misumeno. Milango miwili ya nyuma imekuwa milango ya banda la kuku, bado ina vioo, na jogoo mmoja alikuwa anachungulia nje kama anauliza tumefika.

Nikamtegea binti yangu: "Abiria wangu hawalipi nauli, wanataga."

"Kuku, mama. Siyo sasa. Mtazame kaka."

Kaka alikuwa amechuchumaa kwenye bakuli wanalonywea kuku. Lilikuwa kifuniko cha gurudumu. Aliyamwaga maji, akakifuta kwa tai yake, akakielekeza juani. Kilikuwa, siwezi kukataa, cha rangi ya dhahabu. Alikichukua. Mpaka leo Jumapili anakwenda nacho uwanjani, kimefungwa kwenye kitambaa laini, na anawaambia wenzake kwamba gari lililobaki liko kwenye matengenezo makubwa. Wamemruhusu aegeshe ndani.

Mimi nilikuwa natazama kote, siulizi. Naogopa kuuliza. Mwisho mke wa seremala akaniona.

"Dada, unatafuta nini hasa?"

"Kiti," nikasema. "Kile cha mbele."

Akanishika mkono akanipeleka mlangoni mwa karakana. Kilikuwa ndani, upande wa kushoto, mahali wateja wanaposubiri. Seremala alikuwa amekitengenezea miguu ya mbao, mizuri, ameizungusha kwa ufundi. Ngozi ilikuwa imepauka, ina madoa ya vanishi. Na katikati, kama kovu la mtu unayemfahamu, palikuwa na mshono wangu, uzi mweusi wa magunia. Haukuwa umeachia hata tundu moja.

Nilitaka kukaa palepale. Lakini kulikuwa na mbao zimekiegemea, na mteja mmoja amekaa anasubiri stuli yake, akasogea kando kwa heshima anipishe. "Karibu, mama." Nikaona hapana. Sikutaka kusogezewa. Nimesogezewa vya kutosha.

"Chukua," mke wa seremala akasema nyuma yangu.

"Mama watoto," seremala akasema, "wateja wangu watakaa wapi?"

"Kwa mama wa vitambaa."

Alikwenda mwenyewe kushika upande mmoja, na mwanangu akashika wa pili, na yule mteja akabaki amesimama akiuliza kama stuli yake bado ipo.

Walikipandisha nyuma ya pikapu, pale pa kubebea saruji, wakakifunga kamba. Kilielekea nyuma kwa sababu ndivyo kilivyoingia. Seremala alitaka kukigeuza, nikamwambia akiache. Niliomba ndoo ile, nikakanyaga, binti yangu akanisukuma kiunoni, nikapanda. Nikakaa. Nikajinyoosha. Pa kuwekea kiwiko hapakuwepo, nikakiweka kwenye ubavu wa pikapu.

Mwanangu alishakaa siti yake ya mbele. Alitoa kichwa dirishani. "Mama, ingia ndani twende."

"Nimeshaingia. Nimekaa mbele."

"Hapo ni nyuma, mama."

"Kiti hiki ni cha wapi?"

"Cha mbele, lakini..."

"Basi endeleeni na safari yenu."

"Mwache," dada yake akasema, ameshalala juu ya usukani kwa kicheko. "Nitaendesha kama nimebeba mayai."

Mlango wa pikapu ukafunguka, akashuka Mzee. Alizunguka mpaka nyuma, akaitazama ndoo, akaitazama pikapu, na yeye miguu inamuuma kweli. Seremala alikuja kumsukuma kutoka chini. "Kaza, mzee wa kitanda!" Alipopanda alisimama mbele yangu, anahema.

"Bi Mkubwa, sogea. Hapo ni pa dereva."

Nilikuwa nimekosea upande. Nilisogea. Akakaa, akaweka mikono magotini, akatazama mahali ambapo usukani ungekuwepo.

Pikapu ikaondoka. Geti la kijani likaanza kutuacha, na mke wa seremala akawa anatupungia shuka yenye mchanga, na seremala amesimama mbali naye kidogo, mwendo wa mkono usiofika. Watu waliokuwa barabarani walitukodolea macho, wazee wawili kwenye kochi jekundu, wanakwenda kinyumenyume. Mmoja akapiga mbinja. Nikampungia mkono.

"Ungeniambia tu kwamba alizimika," nikamwambia mume wangu.

Alitafuna tena, bila kitu.

"Ulikuwa umeshavaa gauni," akasema.

Tulipita maduka. Hatukupita shule, iko upande mwingine wa mji, na sikuidai. Pikapu iliposhuka kwenye mteremko niliona mguu wake wa kulia, ule unaouma zaidi, unasogea mbele taratibu na kukanyaga breki ambayo ilishauzwa kama chuma chakavu kabla mjukuu wetu wa kwanza hajazaliwa. Nikajua sasa ndiyo wakati wenyewe.

"Punguza mwendo," nikamwambia.

"Anaendesha mwanao."

"Nakwambia wewe."

Akapunguza.